Namna ya Kupima Urithi wa Rekta katika Michezo ya Chuo Kikuu

Rekta, yaani mkuu wa chuo kikuu, anapomaliza muda wake, hufanyika makabidhiano mbele ya maprofesa na wafanyakazi, hotuba husomwa, picha hupigwa, na ndani ya hotuba hizo hazikosekani sentensi mbili tatu kuhusu michezo: kiwanja kilikarabatiwa, timu ya mpira ilitwaa kombe, vijana walipata jezi mpya. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kupita hapo, awe mwanachama wa umoja wa wahitimu aliyeombwa kuandaa taarifa, mwanafunzi anayeliandikia gazeti la chuo hapa Lubumbashi, au mjumbe wa kamati ya uongozi inayoingia ambaye anahitaji kujua anapokea nini hasa. Mifano mingi nitaitoa Marekani, kwa kuwa huko michezo ya vyuo ni biashara kubwa, na kwa zaidi ya miaka mia moja marais wa vyuo wamesifiwa na kung'olewa kwa ajili yake hadharani, na kumbukumbu zikahifadhiwa. Biashara yenyewe hatuna haja ya kuiiga. Maswali iliyoyazaa ndiyo tunayoyahitaji.

Swali moja linayatangulia mengine yote: katika miaka ya rekta huyo, je, alikuwepo mtu ndani ya chuo aliyeweza kuwaambia wakubwa wa michezo "hapana", na neno lake likasimama? Makombe ni rahisi kuyahesabu, na ndiyo maana watu huishia kwenye makombe. Hatua zinazofuata zote zinatafuta jibu la swali hili katika karatasi na katika vinywa vya watu.

Anza na alichokikuta

Kabla ya kusifu au kulaumu, andika ukurasa mmoja unaoeleza hali ya michezo siku rekta alipoingia ofisini: timu zilizokuwepo, viwanja, madeni, mikataba ya makocha na kanuni zilizokuwa zikifuatwa. Bila ukurasa huo utampa mtu sifa za mtangulizi wake, au utamtwisha madhambi ambayo aliyakuta yamekomaa.

Mfano ninaoupenda ni wa Robert Maynard Hutchins, aliyekabidhiwa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1929 akiwa na umri wa miaka 30. Wengi wanamkumbuka kwa jambo moja: Desemba 1939 chuo chake kiliifuta timu ya futboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na kugongana. Ukisoma sentensi hiyo peke yake utadhani alikuwa msomi mchukia michezo aliyeamka siku moja na kufuta. Ukurasa wa alichokikuta unasema mengine. Chicago ilikuwa imetamba katika mchezo huo chini ya kocha Amos Alonzo Stagg, aliyefundisha hapo kuanzia 1892 hadi 1932, na mtu wa kwanza kupata tuzo ya mchezaji bora wa futboli ya vyuo inayoitwa leo Heisman, Jay Berwanger, mwaka 1935, alikuwa mchezaji wa Chicago. Lakini timu ilikuwa inazama, kwa sehemu kwa sababu masharti ya masomo ya chuo hicho yaliwafukuza wachezaji waliokuwa wakipokelewa kwa mikono miwili kwingine, na katika msimu wa 1939 ilifungwa na Harvard pointi 61 kwa 0, kisha na Michigan 85 kwa 0. Hutchins alikuwa amesubiri miaka kumi. Alikata mti uliokwisha kukauka, kwa idhini ya bodi ya wadhamini, wakati ambapo hata mashabiki walikuwa wamechoka kuaibika. Mimi naona hapo kuna ujasiri na kuna hesabu nzuri ya wakati, na mwandishi wa taarifa anatakiwa kuvisema vyote viwili bila kimoja kukifunika kingine.

Kiwanja chenyewe, Stagg Field, kiliingia katika historia kwa mlango mwingine: tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa yake, wanasayansi waliwasha tanuri la kwanza la nyuklia lililojengwa na binadamu, kazi iliyokuwa sehemu ya mradi uleule wa Marekani wa bomu la atomiki ulionunua kwa wingi urani ya Shinkolobwe, hapo karibu na Likasi. Na mwaka huo wa 1939 ambao Chicago ilifuta timu yake, mjini kwetu Wabenediktini walikuwa wakianzisha timu ambayo leo ni TP Mazembe. Lupopo, timu pinzani ya mji huuhuu, nayo ni ya mwaka huohuo. Nisipoitaja, kuna mitaa sitapita kwa amani.

Hadithi ya Chicago ina mkia ambao usiuache. Chuo hicho kilijitoa katika umoja wa vyuo uitwao Big Ten mwaka 1946, na nafasi yake ikachukuliwa mwaka 1949 na chuo cha Michigan State, ambacho rais wake John Hannah, aliyeongoza kuanzia 1941 hadi 1969, alikuwa na mawazo ya kinyume kabisa. Hannah aliitumia futboli kukitangaza chuo kilichokuwa na wanafunzi kama 6,000 na kukifikisha karibu 40,000. Kiti ni kimoja: rais mmoja alikiachia, mwingine akakimbilia kukikalia, na wote wawili wanakumbukwa kwa heshima katika vyuo vyao. Kwa hiyo katika ukurasa wako wa kwanza andika pia chuo kilikuwa kinataka nini wakati huo: kukua, kujulikana, kuponya jeraha, au kulinda hadhi ya masomo. Rekta hupimwa dhidi ya lengo alilolitangaza.

Kwa chuo chetu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, hatua hii inahitaji uangalifu wa ziada, kwa sababu mamlaka yenyewe yamebadilika mara kwa mara. Chuo kilichoanzishwa Élisabethville (jina la zamani la Lubumbashi) mwaka 1955 na kufungua milango mwaka 1956 kiliunganishwa mwaka 1971 na vyuo vya Kinshasa na Kisangani kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, chenye rekta mmoja Kinshasa na naibu wake katika kila kampasi. Lubumbashi ilirudishiwa uhuru wake mwaka 1981. Mtu anayeandika kuhusu michezo ya miaka ya 1970 hawezi kumhukumu kiongozi wa kampasi ya Lubumbashi kana kwamba alikuwa na kalamu ya kutia sahihi kila kitu. Hata baada ya hapo, kwa muda mrefu rekta wa chuo cha Serikali aliteuliwa kutoka Kinshasa, na ndani ya kamati ya uongozi wapo makatibu wakuu na msimamizi wa bajeti ambao nao wana sahihi zao. Kabla ya kuandika "rekta aliamua", hakikisha ni sahihi ya nani iliyoko chini ya karatasi.

Tafuta aliyekuwa na nguvu ya kusema hapana

Hapa ndipo ninaposhauri utumie muda mwingi kuliko kwingine kote.

Mwaka 2004 rais wa chuo cha Penn State, Graham Spanier, alikwenda pamoja na mkuu wa michezo nyumbani kwa kocha Joe Paterno kumwomba afikirie kustaafu. Kocha alikataa, wageni wakaondoka, na maisha yakaendelea kama kawaida kwa miaka saba zaidi. Tazama ziara hiyo vizuri: bosi anakwenda nyumbani kwa mwajiriwa wake kumwomba, mwajiriwa anakataa, na hakuna kinachofuata. Novemba 2011, kashfa ya unyanyasaji wa watoto uliofanywa na aliyekuwa kocha msaidizi Jerry Sandusky ilipolipuka, rais na kocha waliondoka madarakani siku moja. Mtu ambaye angeandika tathmini mwaka 2010 kwa kuhesabu ushindi angeandika sifa tupu. Aliyeuliza ni nani anaweza kumwambia kocha hapana angeshtuka mapema.

Linganisha na Chuo Kikuu cha Indiana. Bob Knight alifundisha mpira wa kikapu hapo tangu 1971 na kuleta ubingwa wa taifa mara tatu, 1976, 1981 na 1987. Mei 2000, baada ya kuonekana kwa mkanda wa video uliomwonyesha akimkaba mchezaji shingoni, rais wa chuo Myles Brand hakumfukuza. Alimwekea masharti kwamba kosa jingine moja tu lingetosha. Wengi walimcheka wakisema ni vitisho vya karatasi. Septemba mwaka huohuo Brand alimfukuza, na wanafunzi wenye hasira wakaandamana hadi nje ya nyumba ya rais. Kama unaandika urithi wa Brand, usianze na siku ya Septemba. Anza na karatasi ya Mei, kwa sababu bila masharti yaliyoandikwa na kutangazwa, uamuzi wa Septemba ungeonekana kuwa ugomvi wa watu wawili. Mwaka 2003 yeye ndiye aliyekwenda kuongoza NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, rais wa kwanza wa chuo kukabidhiwa kazi hiyo.

Mtu mmoja anaweza kutoa majibu mawili tofauti kwa swali hilohilo. Gordon Gee, akiwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mwaka 2003 alivunja idara ya michezo kama idara inayojitegemea na kuiweka chini ya ofisi ya maisha ya wanafunzi. Watu walitabiri maafa, lakini Vanderbilt haikuporomoka, na mwaka 2007 ilipata ubingwa wake wa kwanza wa taifa wa timu, tena kwa wanawake wacheza bolingi. Mwaka huo Gee akahamia Ohio State, chuo ambacho futboli yake ni dola ndani ya dola. Machi 2011 kocha Jim Tressel alipobainika kuwa alificha taarifa za makosa ya wachezaji wake, Gee aliulizwa na waandishi kama amefikiria kumfukuza, akajibu kwa utani kwamba yeye anaomba tu kocha asimfukuze yeye. Tressel alijiuzulu mwishoni mwa Mei. Utani ule uliwachekesha watu kwa sababu ulikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo sababu mpimaji asiandike kwamba fulani "alikuwa mkali kwa michezo" kana kwamba ukali ni sehemu ya damu yake. Andika alikuwa mkali wapi, dhidi ya nani, na akiwa amesimama juu ya kanuni gani. (Tressel baadaye akawa yeye mwenyewe rais wa chuo, Youngstown State, kuanzia 2014, dunia ina vituko.)

Sasa tuje nyumbani. Kwetu kocha wa timu ya chuo kwa kawaida hana nguvu za Paterno; mara nyingi ni mwalimu au mchezaji wa zamani anayelipwa kidogo, au anayelipwa kwa ahadi. Nguvu iko kwa mfadhili: mfanyabiashara au mwanasiasa anayenunua jezi, anayetoa basi, na ambaye kesho yake anapiga simu kuuliza kwa nini kijana wake hajapangwa. Mji wetu umezoea mpira wenye mwenyewe. Mazembe iliwahi kubeba jina la kampuni ya matairi ya Englebert, na Lupopo ilikulia mikononi mwa wafanyakazi wa reli, wala hakuna aibu katika hilo kwa klabu. Kwa chuo jambo ni jingine, kwa sababu chuo hutoa shahada, na mwenye basi hapaswi kukaribia shahada. Kwa hiyo swali la kocha ligeuze: je, upo waraka wa rekta unaoeleza mfadhili anaruhusiwa nini na anakatazwa nini? Je, kuna zawadi hata moja iliyowahi kukataliwa? Ukipata barua moja ya kukataa zawadi, umepata ushahidi mzito kuliko makombe matano.

Fuata safari moja tu ya timu

Bajeti nzima ya michezo huenda usiipate, na ukiipata itakuchosha bila kukwambia kitu. Chagua safari moja, kwa mfano timu ilipokwenda kucheza Kolwezi, kilomita zipatazo 300, na uifuate tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna barua ya kuomba safari, kuna idhini ya msimamizi wa bajeti, kuna stakabadhi ya mafuta, kuna orodha ya wasafiri, kuna posho za chakula, na kama timu ilishinda kuna zawadi iliyopokelewa na mtu fulani. Zipange karatasi hizo mezani kwa tarehe. Ikiwa orodha ya wasafiri ina majina 32 na wachezaji ni 18, uliza hao 14 ni nani. Ikiwa mafuta yalinunuliwa baada ya basi kurudi, uliza. Ikiwa zawadi haionekani popote katika vitabu, uliza kwa upole, kwa kuwa huenda iligawanywa kwa wachezaji kwa haki na hakuna aliyefikiri kuandika. Safari moja iliyofuatwa vizuri hukuonyesha mazoea ya utawala mzima, kwani mhasibu hana mazoea mawili.

Angalia pia kama sehemu ya minervali (ada ya masomo) inayolipwa na wanafunzi hutengwa kwa michezo, na kama mwanafunzi anayelipa, hata yule ambaye hajawahi kugusa mpira, anaweza kuiona ikitajwa kwenye stakabadhi yake.

Kuhusu fedha za siri, kesi ya kusoma ni ya chuo cha Southern Methodist kule Dallas. Februari 1987 NCAA ilikifutia msimu mzima wa futboli kwa sababu wachezaji waliendelea kulipwa kwa siri hata baada ya chuo kuadhibiwa na kuahidi kuacha. Muda mfupi baadaye Bill Clements, gavana wa Texas ambaye alikuwa ameongoza bodi ya chuo, alikiri kwamba yeye na wenzake walikubali malipo yaendelee kwa muda. Timu haikucheza 1987 wala 1988. Leo, makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025 yanaviruhusu vyuo vya Marekani kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Mtu atauliza: basi wale wa Dallas walikosa nini? Walidanganya. Walitoa ahadi kwa maandishi huku bahasha zikiendelea kupita, na kosa hilo halijabadilishwa na sheria yoyote. Unapokuta malipo kwa wachezaji katika chuo chetu, iwe ni chumba katika homu (mabweni) za wanafunzi, chakula au faranga za usafiri, usikimbilie kuyaita rushwa. Uliza kama yaliandikwa, kama yaliidhinishwa, na kama mchezaji wa timu ya voliboli ya wanawake naye aliweza kuyapata.

Ingia darasani

William Friday aliongoza mfumo wa vyuo vikuu vya North Carolina kwa miaka 30, kuanzia 1956 hadi 1986. Mwaka 1961, wacheza kamari walipobainika kuwahonga wachezaji wa mpira wa kikapu ili wapange tofauti ya pointi, aliyafuta mashindano ya Dixie Classic yaliyopendwa na jimbo zima na kuliingizia fedha nyingi. Alitukanwa kwa miaka. Baada ya kustaafu, aliongoza pamoja na padri Theodore Hesburgh, aliyekuwa rais wa Notre Dame kwa miaka 35, tume ya Knight (jina hili halihusiani na kocha Bob Knight) iliyoundwa mwaka 1989, ambayo mwaka 1991 ilisisitiza kwamba marais wa vyuo ndio wanaopaswa kushika hatamu za michezo, wakisimamia uaminifu wa masomo, uaminifu wa fedha na ukaguzi kutoka nje. Huo ni urithi ambao mtu yeyote angeutamani.

Na bado, katika chuo cha Chapel Hill, kilicho ndani ya mfumo uleule wa Friday, kuanzia 1993 hadi 2011 kulikuwa na madarasa hewa: mwanafunzi alijiandikisha, hakukuwa na mhadhara wala mwalimu, aliwasilisha insha moja na kupewa alama ya juu. Uchunguzi uliotolewa Oktoba 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya wanafunzi 3,000 walipitia humo, karibu nusu yao wakiwa wanamichezo. Siwezi kumtwika Friday mzigo huo, kwa kuwa alikwisha kuondoka. Ninachosema ni kwamba ujasiri wa kiongozi hauhamii kwa mrithi wake kwa njia ya hotuba. Lazima uachwe ndani ya utaratibu ambao karani wa kawaida anaufuata hata kama hamkumbuki aliyeuanzisha.

Kwa hiyo hapa mpimaji atafute utaratibu. Nenda kwa katibu wa kitivo, ukiwa na barua, na uombe idadi bila majina: kati ya wanafunzi waliokuwa katika orodha za timu kwa mwaka fulani, wangapi walifaulu katika kikao cha kwanza cha mitihani, wangapi katika kikao cha pili, wangapi waliacha masomo. Majina ya watu na alama zao usiyaombe na usiyapokee. Si haki yako, na taarifa yako haiyahitaji. Kisha uliza mambo mawili ya utaratibu. La kwanza, mechi inapogongana na mtihani, nani huamua, na uamuzi huo huandikwa wapi? La pili, je, kuna barua yoyote kutoka ofisi ya michezo iliyowahi kuingia mbele ya juri, yaani jopo la walimu wanaopitisha matokeo, wakati wa kujadili alama? Barua ya kuomba mtihani uahirishwe ni jambo la kawaida. Barua ya kukumbusha juri kwamba kijana fulani amekiletea chuo jina zuri ni jambo jingine kabisa, na namna rekta alivyoishughulikia barua kama hiyo inaweza kuwa ukurasa muhimu kuliko zote katika taarifa yako.

Watu watakutolea mfano wa Dikembe Mutombo, na ni mfano mzuri kweli. Alitoka Kinshasa, akaenda Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo akitaka kuwa daktari, akachezea timu ya kocha John Thompson, akahitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia, akacheza misimu 18 katika NBA, na mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ikafunguliwa. Alifariki Septemba 2024, na taifa zima lilimlilia. Lakini chuo hakipimwi kwa Mutombo mmoja. Kipimwe kwa mchezaji wa akiba aliyeumia goti mwaka wa pili: je, alimaliza shahada yake?

Mambo matatu ya kukagua kwa haraka

Wanawake kwanza. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 ijulikanayo kama Title IX ililazimisha vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kutowabagua wanawake, michezo ikiwemo, na marais wengi walisubiri walazimishwe ndipo wakatenda. Kwetu ratiba ya kiwanja hutosha kukuonyesha hali: nani anapewa saa kumi jioni jua linapopoa, na nani anapewa saa nane mchana.

Pili, majeruhi. Mwaka 1905 vifo vya wachezaji wa futboli vilikuwa vimezidi kiasi kwamba Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton, na mwishoni mwa mwaka huo Henry MacCracken, mkuu wa Chuo Kikuu cha New York, akaitisha mkutano wa vyuo uliozaa chombo ambacho sasa ni NCAA. Kwako uliza tu nani hulipa hospitali, na kama sanduku la huduma ya kwanza liko kiwanjani au limefungiwa ofisini.

Tatu, ardhi. Kiwanja kisicho na hati hakikarabatiwi, kinapakwa rangi tu. Linganisha mipaka ya sasa na ramani iliyoko katika ofisi za ardhi, na uandike kwa mita kilichoongezeka au kilichopungua.

Zungumza na watu kwa mpangilio unaofaa

Usianze na rekta. Anza na mtunza kiwanja, dereva wa basi na wachezaji wa akiba, kisha makocha, kisha msimamizi wa bajeti, na rekta awe wa mwisho, ukiwa tayari na karatasi mkononi. Dereva hukumbuka safari zilizoahirishwa na sababu zake. Mtunza kiwanja hujua ni gari la nani lililokuwa likiingia uwanjani bila kuulizwa. Mtu mzima wa kazi hizo mpigie hodi kama mgeni, umwite Baba au Mama, kaa kitako, na umwache aanze anapotaka, maana ukifungua daftari kabla ya salamu kwisha utapata majibu ya daftari.

Kwa rekta anayeondoka andika barua fupi ya kuomba miadi, ukitaja cheo chake kamili na uzi wa maswali yako, ili asihisi ametegwa. Swali la kwanza ninalopendekeza ni hili: "Mheshimiwa Profesa, ni uamuzi gani kuhusu michezo ambao watu walikukasirikia, na leo ungeuchukua tena?" Swali hilo lina heshima na halina mwanya wa kukwepea. Akijibu kwamba hakukuwa na uamuzi uliomkasirisha mtu, andika jibu hilo kama lilivyo. Msomaji atajua la kulifanyia.

Kuandika na kukabidhi

Usitoe alama kama za mtihani, na usiandike kwamba alikuwa mzuri au mbaya kwa michezo. Andika alichokikuta, alichokiamua, alichokataa, alichokiacha kwenye maandishi, na kilichobaki mikononi mwa watu bila maandishi; sehemu hii ya mwisho iwe ndefu kwa kadiri ya ukweli, kwa sababu ndiyo itakayopotea kwanza. Madai ya mtu mmoja yasiyo na karatasi wala shahidi wa pili yaache nje, hata kama ni matamu. Rasimu impelekee rekta mwenyewe na kocha mkuu, uwape wiki mbili za kujibu, na majibu yao yachapishwe ndani ya taarifa.

Toa taarifa ya kwanza kabla ya makabidhiano ikiwezekana, na upange nyingine miaka miwili baadaye, maana baadhi ya maamuzi huonyesha meno yake mrithi anapojaribu kuyavunja. Nakala moja iende maktaba, moja kwa kamati ya wanafunzi, na moja kwa msimamizi mpya wa bajeti, kwa kuwa ombi la kwanza la safari ya timu litafika mezani kwake kabla hajajua mlango wa kiwanja uko upande gani.